Nani Kasema? Tetesi za Usajili, Utani wa Kijiweni na Adabu ya Kutaja Chanzo katika Kiswahili

1. Utangulizi

Kila mwaka ligi inapomalizika na dirisha kubwa la usajili linapofunguliwa, Kiswahili cha Dar es Salaam huingia katika majira yake ya pekee. Mpira hauchezwi, lakini maneno ya mpira huongezeka. Wachezaji ambao hawajaonekana uwanja wa ndege husemwa kuwa wamekwishatua, na mikataba ambayo hakuna aliyeiona husemwa kuwa imekwishamwagiwa wino. Habari za namna hii huitwa tetesi, na hadhira yake haiko kwenye kurasa za magazeti ya michezo na katika simu za mkononi tu, bali iko pia kwenye vijiwe vya kahawa, vibanda vya kunyolea nywele na vituo vya bodaboda.

Mhadhara huu unachunguza jambo moja dogo katika bahari hiyo ya maneno, nalo ni utani wa mashabiki kuhusu namna ya kutaja chanzo cha tetesi. Shabiki anapodai kuwa winga fulani amesaini, mwenzake humwuliza kwa mzaha: “Nani kasema? Lini? Ukurasa wa ngapi?” Swali hilo huchekesha kwa sababu linachukua taratibu za maktaba na kuzileta mbele ya birika la kahawa. Hata hivyo, hoja inayotetewa hapa ni kwamba mzaha huo si upuuzi. Ndani yake mna elimu ya ushahidi ambayo wazungumzaji wa Kiswahili wanayo tangu kale, na ambayo vyuo vikuu aghalabu huifundisha upya kana kwamba ni jambo geni la mabano, nukta na mikato.

Mahali panapochukuliwa kuwa mfano ni Tandale, katika Wilaya ya Kinondoni. Mazungumzo yanayotolewa kuwa mifano yametungwa kwa kufuata ruwaza za usemi wa kijiweni, kama ilivyo desturi katika uchambuzi wa sarufi. Hayamhusu mtu yeyote mahususi.

2. Tandale na kijiwe kama baraza la ushahidi

Tandale ni kata iliyo jirani na Manzese, Magomeni na Mwananyamala. Wakazi wa jiji huihesabu miongoni mwa maeneo ya uswahilini, yaani maeneo ya nyumba zilizosongamana, vichochoro vingi na majirani wanaojuana kwa majina ya utani kuliko majina ya vitambulisho. Inajulikana kwa soko lake la nafaka, na katika miaka ya karibuni imejulikana pia kuwa ndiko alikokulia mwanamuziki Diamond Platnumz. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi kuchora ramani ya wazi ya kata hiyo. Tukio hilo lina maana katika mada hii. Katika mtaa wa namna ile, kujua kichochoro kinaishia wapi na wenyeji wanakiitaje kunahitaji kuwauliza wanaokipita kila siku. Chanzo cha ramani, kwa kiasi kikubwa, kilikuwa midomo na miguu ya watu wa Tandale.

Kijiwe ni kitovu cha maarifa ya aina hiyo. Neno lenyewe ni udogo wa jiwe, na linakumbusha mahali pa kukaa tu, pasipo kiti cha mwenyekiti wala kumbukumbu za kikao. Kwenye kijiwe cha kahawa hukutana mzee aliyestaafu, fundi, dereva wa bodaboda na mwanafunzi wa chuo aliyepanga chumba mtaani. Gazeti moja husomwa na watu kumi, na wengine huishia kusoma vichwa vya habari vya magazeti yaliyoning'inizwa kwenye meza ya muuzaji bila ya kununua. Asubuhi redio huyasoma magazeti hayohayo kwa sauti. Kwa hiyo habari moja huweza kumfikia mtu kwa njia tatu, naye akadhani ameipata kutoka vyanzo vitatu ilhali chanzo ni kimoja.

Kijiweni, takribani kila mtu ana upande. Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba iliyoanzishwa mwaka 1936 zote zina makao yake Kariakoo, mwendo mfupi wa daladala kutoka Tandale, moja ikiwa Jangwani na nyingine Msimbazi. Mashabiki wake huitana watani wa jadi. Istilahi hii haikutokea kwa bahati. Utani, kama unavyojulikana katika jamii nyingi za Tanzania, ni uhusiano unaompa mtu ruhusa ya kusema asichoruhusiwa kusema kwa mwingine. Katika mazungumzo ya kawaida, kumwambia mtu mzima kuwa ni mwongo ni tusi. Kumwomba athibitishe maneno yake mbele za watu ni hatua moja tu kabla ya tusi hilo. Mtani anaweza kuomba uthibitisho huo, na aliyeombwa akacheka. Hapa ndipo utani wa marejeo unapopata kazi yake ya kijamii, kwani unafungua mlango wa kudai ushahidi bila ya kuvunja heshima.

3. Msamiati wa habari isiyo na mwenyewe

Kiswahili kina maneno mengi ya kutaja habari ambayo mwenyewe hajulikani, na maneno hayo hayalingani. Uvumi umetokana na kitenzi vuma, kinachotumika kwa upepo, ngoma na nyuki. Uvumi basi ni sauti inayosikika kote bila ya mtu kuonekana akiitoa. Mnong'ono, kinyume chake, una kinywa na sikio: habari ni ya siri, lakini aliyeisema alikuwa karibu. Penyenye ni habari iliyopenya mahali palipofungwa. Dokezo hutolewa kwa makusudi na mtu anayejua zaidi ya anavyosema. Fununu ni habari iliyoanza kujitokeza kabla haijathibitika. Tetesi ina mnasaba na kitenzi teta, na kwa hiyo hubeba harufu ya kusemwa pembeni, wakati anayehusika hayupo.

Shabiki hodari hayachanganyi maneno haya. Anayesema “kuna penyenye” anadai kuwa habari imetoka ndani ya klabu. Anayesema “kuna uvumi” anajiweka mbali nayo. Ngazi hizi ni za ushahidi, na mzungumzaji huchagua ngazi kabla hajatamka jina la mchezaji.

Msamiati huu si wa mpira peke yake. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu uvumi wa wanyonya damu katika Afrika Mashariki ya kikoloni, alionyesha kuwa masimulizi ya mumiani ni ushahidi wa namna watu walivyouelewa utawala na kazi zake, hata kama hayathibitishi kuwa damu ilinyonywa. Stephen Ellis naye, mwaka 1989, aliandika juu ya habari za mdomo mijini barani Afrika, zile ambazo huko Kongo zilipewa jina la redio ya kando ya barabara. Wote wawili wanafunza kwamba mtafiti hana budi kuuliza nani anasema, kwa nani, na kwa nini wakati huo.

4. Sarufi ya chanzo

Zipo lugha ambazo sarufi yake humlazimisha msemaji kuonyesha amejuaje anachokisema. Aikhenvald (2004) anakadiria kuwa takribani robo ya lugha za dunia zina mfumo wa aina hiyo. Mfano unaotajwa mara nyingi ni Kituyuka, lugha ya mpakani mwa Kolombia na Brazili, ambacho kwa mujibu wa uchambuzi wa Barnes (1984) kina viambishi vya kutofautisha kilichoonwa, kilichosikiwa kwa sikio, kilichokisiwa kwa dalili, kilichoambiwa na kilichodhaniwa. Katika lugha hiyo, mtu hawezi kusema tu kwamba mchezaji amesaini. Ni lazima kitenzi chenyewe kiseme kama aliona, alisikia au aliambiwa.

Kiswahili hakina kiambishi cha lazima cha namna hiyo. Kina, hata hivyo, njia za hiari zilizo nyingi na nyumbufu. Mifano ifuatayo inahusu tukio lilelile:

(1) a. Nasikia kiungo wao kasaini.
b. Inasemwa kiungo wao kasaini.
c. Inasemekana kiungo wao kasaini.
d. Eti kiungo wao kasaini.
e. Imebainika kuwa kiungo wao kasaini.

Katika (1a) msemaji amejitaja kuwa ni mpokezi wa habari, na anaweza kuulizwa aliisikia wapi. Tofauti ya (1b) na (1c) inahitaji kutazamwa kwa makini. Kauli ya kutendwa, inasemwa, imemficha mtenda lakini imemwachia nafasi, kwani inawezekana kuendelea “inasemwa na viongozi”. Kauli ya kutendeka, inasemekana, haimpi mtenda nafasi yoyote. Mzungumzaji wa Kiswahili hasemi “inasemekana na viongozi”. Umbo hilo linaieleza habari kama kitu kinachojisema chenyewe, sawa na mlango unaofunguka au kamba inayokatika. Si ajabu kwamba kitenzi hiki kinapendwa na wenye tetesi, kwa kuwa swali “nani kasema?” halina mahali pa kutua ndani ya sentensi.

Neno eti katika (1d) linastahili kutajwa pekee. Wanaisimu hulihusisha na shina la Kibantu -ti, linaloonekana katika lugha nyingi za Kibantu kama kitangulizi cha maneno yaliyonukuliwa. Katika Kiswahili cha leo, eti hunukuu na kutilia shaka kwa pamoja. Anayesema “eti kasaini” ametimiza wajibu wa kuripoti na wakati huohuo amekataa dhamana. Mfano wa (1e) uko upande wa pili. Imebainika hutangaza kuwa utafiti umefanyika na jibu limepatikana, ingawa haisemi nani alitafiti. Ndiyo sababu hupendwa na waandishi wa habari.

Hata neno la kawaida kabisa la Kiswahili, kwamba, lina historia ya kutaja chanzo. Limetokana na kitenzi cha kale amba, chenye maana ya sema, ambacho bado kinaishi ndani ya ambia. Anayetamka “nimeambiwa kwamba” ametumia kitenzi kimoja cha kusema mara mbili bila ya kujua. Kwa maneno mengine, lugha yenyewe imejengwa kwa matofali ya kunukuu.

Magazeti ya michezo yamezidisha ufundi huu. Vichwa vya habari hutumia kitenzi-jina mahali pa kitenzi chenye wakati: fulani “kutua” klabu fulani, fulani “kumwaga wino”. Umbo la ku- halisemi kuwa jambo limetokea, wala kwamba litatokea. Msomaji ndiye anayejaza wakati kwa matumaini yake. Ndani ya habari hufuata fomula zinazojulikana na kila msomaji: “chanzo chetu cha kuaminika”, “habari za ndani kabisa”, “kigogo mmoja ambaye hakutaka jina lake litajwe”. Fomula hizi ni marejeo yenye umbo la marejeo, lakini hazimfikishi msomaji popote.

5. Utani wa mitindo ya marejeo

Ni fomula hizi ambazo mashabiki huzichezea. Mazungumzo yafuatayo yanawakilisha aina ya utani unaojadiliwa:

(2) Shabiki wa Yanga: Yule winga wenu kamalizana na Wananchi. Nimeambiwa na mtu wa ndani.
Shabiki wa Simba: Ndani ya nini, mtani? Ndani ya klabu au ndani ya daladala?
Shabiki wa Yanga: Ndani kabisa.
Mwanafunzi: Haitoshi, kaka. Jina, mwaka, ukurasa.
Muuza kahawa: Mwandikie hivi: Mtu wa Ndani, leo, kikombe cha pili.

Kichekesho cha muuza kahawa kina mantiki. Mtindo wa kutaja mwandishi na mwaka, unaojulikana kwa jina la Harvard, hufuatiliwa hadi kwa mwanazuolojia Edward Laurens Mark, aliyeutumia mwaka 1881 katika makala kuhusu aina ya konokono asiye na gamba. Kwa elimu ya konokono, mwaka ni kipimo kinachotosha. Kwa tetesi za usajili, mwaka ni mpana mno. Habari ya asubuhi huwa imekwishachacha jioni, na kikombe cha kahawa ni kipimo cha wakati kilicho sahihi zaidi.

Hata hivyo, mwaka una manufaa yake, na mfano bora umo katika historia ya klabu hizi mbili. Haji Manara alikuwa msemaji wa Simba tangu mwaka 2015. Mwaka 2021 aliondoka, na mwezi Agosti mwaka huohuo akatambulishwa Yanga. Kwa anayenukuu maneno yake juu ya ubora wa klabu hizo, jina peke yake halitoshi. Hata jina na mwaka havitoshi. Utaratibu wa Harvard una dawa ya tatizo hilo, nayo ni herufi ndogo inayofuata mwaka. Mwanafunzi anayeandika (Manara, 2021a) na (Manara, 2021b) atakuwa ametenganisha kauli za kabla ya kuhama na za baada ya kuhama. Kanuni ambayo darasani huonekana ni usumbufu wa wahariri, hapa inaonekana kuwa ni haki kwa msemaji na kwa msikilizaji pia.

Tatizo la pili ni la majina. Mtindo wa Harvard, kama ule wa Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani ulioanza mwaka 1929, hutaka jina la ukoo litangulie. Jina la pili la Mtanzania, mara nyingi, ni jina la baba yake. Mwandishi Shaaban Robert huorodheshwa katika herufi R, ingawa Robert lilikuwa jina la baba yake. Kijiweni mambo ni magumu zaidi, maana watu hujulikana kwa majina ya utani, ya kazi au ya watoto wao. Je, Mzee wa Kahawa aorodheshwe chini ya M au K? Mashabiki huweza kubishana juu ya jambo hili kwa kicheko, lakini ubishi wao una mfano katika taaluma. Habari za Pate, ambazo matoleo yake kadhaa yalinakiliwa mapema katika karne ya 20 na kuchapishwa kwa pamoja na Tolmacheva (1993), zinafungamana na jina la mzee anayejulikana kwa wanazuoni wote kwa lakabu yake, Bwana Kitini. Lakabu haikumpunguzia hadhi ya kuwa chanzo.

Mtindo wa tatu hautoki Ulaya wala Marekani. Wakazi wengi wa pwani waliosoma chuoni utotoni wanaufahamu utaratibu wa mapokezi katika elimu ya hadithi za Mtume, ambapo kila habari hutanguliwa na mlolongo wa waliopokezana, na wanazuoni humchunguza kila mmoja: aliishi lini, alikutana na aliyempokea, kumbukumbu yake ilikuwaje. Habari yenye kiungo kilichokatika huhesabiwa kuwa dhaifu hata kama maneno yake yanapendeza. Kazi kubwa za fani hiyo, kama ile ya Imamu Bukhari aliyefariki mwaka 870, ziliandikwa miaka elfu moja kabla ya makala ya konokono. Shabiki anayemwambia mwenzake kuwa “mapokezi yako dhaifu, mtani” hafanyi mzaha na dini. Anakopa kipimo anachokiheshimu na kukipeleka mahali ambapo kipimo kinakosekana. Anauliza kama dereva wa basi la timu alimsikia meneja mwenyewe, au alimsikia mtu aliyesema kuwa amemsikia.

Mitindo hii mitatu ikiwekwa pamoja, inadhihirika kuwa haiulizi maswali yaleyale. Harvard huuliza: nani, na lini? Tanbihi, ambazo mwongozo wa Chicago umekuwa ukizitolea kanuni tangu mwaka 1906, huuliza: wapi hasa, ukurasa gani? Mapokezi huuliza: kwa kupitia nani? Kijiwe huongeza swali la nne, ambalo kwa kawaida hutangulia yote: “Uliona au uliambiwa?”

6. Lisemwalo lipo

Utetezi mkuu wa mwenye tetesi ni methali: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hii ina nguvu kwa sababu haiwezi kushindwa. Jambo likithibitika, lipo. Lisipothibitika, laja. Tena kitenzi chake kiko katika kauli ya kutendwa pasipo mtenda. Lisemwalo halina msemaji.

Kisa cha Clatous Chama kinaonyesha nguvu ya methali hiyo na udhaifu wake. Kiungo huyo wa Zambia alijiunga na Simba mwaka 2018, akaenda RS Berkane ya Morocco mwaka 2021, akarejea Simba Januari 2022. Katika misimu hiyo tetesi za kumhusisha na Yanga hazikukosekana. Julai 2024 Yanga ilimtangaza kuwa mchezaji wake. Je, aliyesema mwaka 2020 kuwa Chama anakwenda Yanga alisema kweli? Methali itajibu kwamba ndiyo, kwani jambo limekuja. Marejeo yenye tarehe yatajibu vingine. Kauli ya mwaka 2020 ilihusu dirisha la mwaka 2020, na kwa dirisha hilo haikuwa kweli. Tarehe ndiyo kitu pekee kinachoweza kulifunga neno laja.

Kisa cha Bernard Morrison kinafunza jambo jingine, kwamba hata maandishi hayamalizi ubishi. Mchezaji huyo wa Ghana alijiunga na Yanga Januari 2020. Klabu ilidai kuwa baadaye alisaini nyongeza ya miaka miwili, mwenyewe akadai kuwa mkataba wake ulikuwa wa miezi sita tu. Agosti 2020 Simba ilimtangaza kuwa wake, na kamati ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania inayoshughulikia hadhi za wachezaji ikaamua upande wa mchezaji. Yanga ilipeleka shauri katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, nako mwaka 2021 haikufanikiwa. Mwaka 2022 Morrison akarejea Yanga. Kwa miezi mingi, watu wa vijiweni walijadili uhalali wa saini na tarehe za karatasi ambayo wengi wao hawakupata kuiona. Walikuwa wakifanya, bila ya kuiita hivyo, kazi ambayo wanahistoria huiita uhakiki wa hati.

7. Kilicho hatarini

Yawezekana kuuliza kwa nini mzaha wa mashabiki uwashughulishe wanataaluma wa Kiswahili. Sababu ya kwanza ni ya kibinadamu. Tetesi humhusu mtu. Mchezaji anayesemwa kuwa amekwishakula fedha za mtani, kisha akakosa penalti, hatahukumiwa kwa mguu wake bali kwa tetesi hiyo. Ataitwa msaliti, na hakuna atakayekumbuka kuwa habari ilianza na “inasemekana”. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu chake cha 16, imeweka adhabu kwa uchapishaji wa taarifa za uongo. Lakini sheria huja baada ya madhara. Swali la mtani huja kabla.

Sababu ya pili ni ya kitaaluma, nayo inawagusa wanaoandika tasnifu. Mwandishi wa michezo hulaumiwa kwa “kigogo ambaye hakutaka jina lake litajwe”. Mtafiti wa lugha naye huandika “mtoa taarifa, Tandale” au “mahojiano, Kinondoni”, na msomaji hana njia ya kujua kama mtoa taarifa huyo ni mmoja au ni kumi, kama alisema aliyoyaona au aliyoyasikia. Maadili ya utafiti yana sababu nzuri za kuficha majina, kama alivyo nazo mwandishi wa habari. Hata hivyo, kuficha jina si sawa na kuficha njia ya kujua.

Kanuni za kigeni zimeuzidisha ugumu huo. Kwa muda mrefu mtindo wa Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani umeyahesabu mazungumzo ya ana kwa ana kuwa mawasiliano binafsi, ambayo hutajwa ndani ya matini lakini hayaingii katika orodha ya marejeo. Toleo la saba la mwongozo huo lililotoka mwaka 2019 limeanza kutoa maelekezo kuhusu maarifa ya wazee wa jamii za wenyeji. Kabla ya hapo, na katika kazi nyingi hata baada ya hapo, mwanafunzi anayejifunza maana ya neno kwa mzee wa Tandale humwandika mzee huyo ndani ya mabano, kisha katika orodha ya mwisho huliandika jina la mgeni aliyepita Tandale kwa wiki mbili na kuchapisha makala.

Sababu ya tatu ni ya ufundishaji. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kuwa marejeo ni suala la mpangilio: wapi pawe na mkato, wapi pawe na italiki, kama orodha iitwe marejeo, marejeleo au bibliografia. Akikosea nukta hupunguziwa alama. Haulizwi anaaminije anachokinukuu. Mwanafunzi huyohuyo jioni hukaa kijiweni na kumbana mtani wake mpaka akiri kuwa “mtu wa ndani” ni shemeji ya jirani ya mlinzi wa lango. Uwezo anao. Kinachokosekana ni daraja kati ya kijiwe na darasa.

8. Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kuwa Kiswahili, ingawa hakina viambishi vya lazima vya ushahidi, kina msamiati, kauli za vitenzi na desturi za mazungumzo zinazomwezesha mzungumzaji kupima habari na aliyeileta. Utani wa Simba na Yanga ni mojawapo ya desturi hizo. Unampa mtu wa kawaida haki ya kuuliza “nani kasema?” pasipo kumvunjia mwenzake heshima.

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, somo la marejeo lianze na mifano ya habari ambazo wanafunzi wamezoea kuzibishania, kisha ndipo zifuate kanuni za nukta na mabano. Pili, vitenzi kama inasemekana, inadaiwa na imebainika vichunguzwe katika tasnifu kama vinavyochunguzwa katika magazeti. Mwandishi anayeandika “inasemekana kuwa Kiswahili kilianza pwani ya kaskazini” hana tofauti na mwenye kudai kuwa winga amesaini. Tatu, vyanzo vya mdomo viingizwe katika orodha ya marejeo kwa utaratibu unaokubalika, wenye vipengele vinne: jina ambalo msemaji mwenyewe ameridhia litumike, mahali, tarehe, na njia aliyojua kwayo, yaani aliona, alisikia au aliambiwa na nani.

Kwa utaratibu huo, mzee wa Tandale atakayeeleza asili ya jina la mtaa wake ataorodheshwa kwa jina analojulikana nalo, na msomaji ataambiwa kama alikuwapo jina lilipotolewa au alilipokea kwa baba yake. Kipengele hicho cha nne hakimo katika mitindo ya kawaida ya marejeo. Kijiweni ndilo swali la kwanza, na huulizwa kabla kahawa haijamiminwa.